Lenzi ya Jicho Lako la Kushoto

Saumu mwanangu,

Lenzi ya jicho lako la kushoto niliikosea mimi. Sijamwambia fundi, sijamwambia baba, sijamwambia hata Mama Devota wa nyumba ya pili ambaye huwa namsimulia mpaka ndoto zangu. Ulipokuwa unavua miwani na kusema sakafu inapanda, ulikuwa unasema kweli. Mimi nikakuchapa. Miezi minne nimekuchapa kwa kusema kweli.

Basi, nimeshaandika. Nilidhani mkono utakataa, lakini naona bado unakwenda, acha niendelee kabla haujashtuka.

Leo Jumamosi, saa tisa na nusu mchana. Umelala kwenye mkeka hapo sebuleni, mdomo wazi, mguu mmoja umeupandisha ukutani kama kawaida yako. Kesho asubuhi Shangazi Mwajuma, dada yake baba, anakuchukua mnakwenda Kisarawe. Amefika tangu saa nne. Yuko uani na Mama Devota wanachambua mchicha, na ananisema kwa sauti ambayo anajua kabisa inaingia humu chumbani. Begi lako nimeshafunga. Habari za mswaki, nguo za ndani na dawa ya kifua sikuandikii hapa, nimeshamwambia yeye, na nusu yake kasema anayajua kabla sijazaliwa.

Nina hasira, Saumu. Nakuambia mapema ili usije ukadhani ni hasira juu yako. Nina hasira na shangazi, nina hasira na baba, lakini hizo ni ndogo, hizo hata kwa kupika ugali zinaisha. Hasira kubwa ni juu yangu mimi Zaituni, mtoto mpole. Watu wote wa mtaa huu wa Pangani wakitaka kunisifia wanasema hivyo: Zaituni mpole, Zaituni hana maneno, Zaituni hata umkanyage hasemi. Wanasema kama vile ni kitu kizuri. Upole huo ndio uliokupasua kidevu.

Sijui utasoma haya ukiwa na umri gani. Sasa hivi bado unasoma "ba be bi" na unaruka "bo" kwa makusudi. Ukishaweza kusoma barua nzima labda utakuwa umeshaambiwa kwamba mimi si mama yako. Ni kweli. Mama yetu alifariki ukiwa na miezi minane, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye kadi yako ya kliniki jina la mama ni lake. Lakini aliyekoroga uji wako ni mimi, aliyekesha na wewe ulipoota meno ni mimi, na aliyekuacha kwa Mama Devota kila asubuhi akakimbia shule na kifua cha sare kimelowa mate yako ni mimi. Neno lako la kwanza uliniita mama. Tulikuwa stendi ya Maili Moja, nimekubeba, ukasema kwa sauti kubwa, "Mama!" Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga akacheka, akasema, "Makubwa! Mtoto na mtoto wake." Nikaona aibu, nikamjibu haraka, "Si wangu, ni mdogo wangu." Si wangu. Hukuelewa, ulikuwa unataka karanga tu. Mimi nililielewa neno langu, na mpaka leo likinijia nikiwa nafua naacha kufua.

Kwa hiyo humu ndani nakuita mwanangu. Asiyetaka akachambue mchicha.

Nataka ujue lenzi inavyotengenezwa. Nataka ujue mpaka mahali penyewe nilipokukosea, kwa sababu watu wazima wakikosa wanasema "bahati mbaya", na mtoto anabaki na kovu lisilo na mwenyewe. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa mstari mmoja wa kalamu.

Unaijua karakana yetu, vyumba viwili nyuma ya duka la miwani barabara ya Morogoro, ulikuja mara moja ukalilia kitufe cha chuma ukapewa. Lenzi inatufikia ikiwa kisahani kinene cha plastiki kinachoonyesha hadi ng'ambo, kinajaa kiganja. Upande mmoja umevimba na umeshang'arishwa huko ilikotoka. Huo Fundi Elia, anayenifundisha kazi, anauita tumbo. Upande wa pili ndio wa kwetu, ndio tunaousaga mpaka ubonyee kwa kipimo cha mtu, anauita bonde. Kazi yote ya kumwonesha mtu dunia inafanyika bondeni, tumbo haliguswi. Ndiyo maana kitu cha kwanza unabandika utepe wa bluu kwenye tumbo lisichubuke.

Kwa jicho kama lako, ambalo halikuumbwa duara sawasawa, karatasi ya daktari haiandiki nguvu ya lenzi peke yake, inaandika na pembe. Yako iliandikwa nyuzi thelathini. Unachukua karatasi ya karakana yenye duara la nyuzi, kama kile kipimapembe cha shuleni, unailaza lenzi juu yake na kuchora mstari kwenye pembe hiyo. Halafu unaigandisha lenzi kwenye kitufe cha chuma kwa madini laini yanayoyeyuka hata kwa joto la chai, na kitufe kinakaa kufuata mstari. Kuanzia hapo mashine haiulizi kitu. Ya kwanza inachonga, inaacha bonde lina mikwaruzo kama kiatu cha zamani. Ya pili inasugua juu ya chuma chenye mkunjo, msasa na maji, kisha msasa laini zaidi. Ya mwisho ni kitambaa kizito na dawa nyeupe kama uji wa mchele, inazunguka na kuzunguka mpaka lenzi inapotea machoni, unaona taa tu upande wa pili. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye ule uji unaanza upya. Ni kazi ya watu wasio na haraka. Fundi ananiambia, "Binti, lenzi imekaa kimya hapo inakungoja, wewe unakimbizwa na nani?"

Na kuna sheria moja aliyonipa siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina la baba yangu. Ukichora mstari, tumbo likutazame wewe. Tumbo juu. Ukichora lenzi ikiwa imelala kifudifudi, bonde juu, mstari utauona uko sawa kabisa, lakini lenzi ikija kukaa usoni kwa mtu mstari umegeukia upande wa pili. Kama unavyoandika jina lako kwenye dirisha lenye mvuke halafu ulisome ukiwa nje. Thelathini inakuwa mia na hamsini.

Niliielewa. Niliielewa kuliko hata yeye alivyoieleza, maana mimi nyuzi na pembe nilisoma kidato cha tatu, kwa Kiingereza, na nilikuwa nazipata. Fundi alisoma mpaka la saba, Kiingereza cha vitabu vya mashine ni mimi namsomea. Nilikuwa najiona kidogo. Sikumwonesha mtu, mimi huwa sioneshi, lakini moyoni nilikuwa najiona.

Sasa sikiliza. Ulipopimwa macho hospitali, daktari alisema jicho la kulia zima, la kushoto ndilo linaona ukungu, na ubongo wa mtoto ukichoka na ukungu unaliacha jicho, unatumia moja. Akasema muda wa kulirudisha ni huu wa udogo, avae miwani tangu anaamka mpaka analala, akikua itakuwa kazi bure. Karatasi ile ilitakiwa niiweke mezani kwa Fundi Elia, niseme, "Fundi, mdogo wangu anahitaji lenzi." Maneno manne, matano. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini, kusaga nilikuwa bado sijaruhusiwa, naosha na kukata kingo. Nikaona aibu kuomba. Nilibeba karatasi ile kwenye sidiria siku sita, kila asubuhi najiambia leo nitasema, kila jioni narudi nayo imelowa jasho. Siku ya saba fundi akaenda Dar kupeleka miwani iliyokuwa tayari. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikatoa lenzi moja kwenye boksi la zilizokataliwa, ilikuwa na mkwaruzo pembeni ambao ungekatwa hata hivyo. Nikaanza kazi ambayo sikupewa.

Kalamu ilikuwa inateleza juu ya ule utepe wa bluu. Mstari haushiki. Na mimi sikio liko mlangoni. Nikaigeuza lenzi ili nichore upande usio na utepe.

Hapo. Ndipo hapo.

Na mwanangu, hata hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, maana kila lenzi inapimwa kabla haijakatwa. Kuna mashine unachungulia, mistari ya kijani inanyooka, unasoma pembe. Lenzi inatakiwa ikae bonde likigusa mdomo wa mashine. Mimi, kichwa kikiwa bado kinaiona vile nilivyoichora, nikaiweka tumbo ndilo liguse. Mashine ikasoma thelathini. Karatasi thelathini. Kosa langu likashuhudiwa na kosa langu, yakakubaliana. Nikacheka peke yangu kwenye chumba kile, nikasema kwa Kiingereza, kama mwalimu wetu wa hesabu alivyokuwa anasema, "Perfect."

Jioni nikakuvisha. Fremu ya zambarau uliyochagua mwenyewe. Ukatembea hatua mbili ukashika ukuta.

"Mama Zai, sakafu inapanda."

"Utazoea."

"Na mlango umelala."

"Daktari kasema siku za mwanzo ndiyo hivyo. Utazoea."

Daktari kweli alisema. Siku za mwanzo. Wiki ya tatu ulikuwa bado unanyanyua mguu kuruka kitu ambacho hakipo. Mimi nikasema ni deko. Halafu nikasikia watoto wa shule wanakuita "Kitunguu Saumu cha miwani", nikasema ahaa, kumbe ni hiyo, anaona aibu kama mimi, na sitaki awe kama mimi. Unaona ujinga wake? Nilikuchapa kwa mwiko ili usiwe mwoga. Nikashona mpira wa sketi yangu ya shule kwenye miguu ya miwani, nikaufunga kisogoni usiweze kuvua. Ukaacha kulalamika. Ukanyamaza kabisa, ukawa unatembea umeshika kuta, na mimi nikamwambia Mama Devota, "Umeona? Kazoea."

Kila siku ulinieleza unachokiona, kwa Kiswahili kilichonyooka, mtoto wa miaka sita. Sakafu inapanda, mlango umelala, ngazi zinatembea. Mimi nikaamini Kiingereza cha karatasi.

Ngazi ulizosema zinatembea ndizo ulizoanguka, zile za ofisi ya mwalimu mkuu. Ulishonwa nyuzi tatu kwenye kidevu. Sitaki kuandika nilivyokukuta.

Kwa hiyo Idd shangazi alipokuja akaona plasta, akakuona unapapasa ukuta kama bibi kizee, akaanza. Alikuwa hajavua hata kandambili.

"We Zaituni, huyu mtoto anaanguka anguka kwa nini? Anakula?"

"Anakula, shangazi."

"Anakula nini? Mbona anapapasa? Na hii kamba kichwani, umemfunga kama mbuzi wa kuchinja?"

"Ni ya miwani, shangazi."

"Miwani! Mtoto wa miaka sita anafanya kazi benki? Ndiyo hiyo inayommaliza macho. Mnauza miwani, mmeona watu wazima hawatoshi, sasa mnawavisha watoto wenu wenyewe."

Watu walicheka. Baba naye alicheka, alikuwa amekaa hapo na kikombe chake, amekuja mara moja kutoka kwa mkewe Mlandizi na lori lake kaliegesha barabarani. Na mimi nikainamisha kichwa kuokota punje za wali zilizomwagika. Kesi yangu inasikilizwa, mimi naokota wali.

Wiki iliyofuata baba akanipigia. "Shangazi yako ameshasema. Atamchukua muhula mmoja, tuone. Wewe upate muda wa kazi yako."

Nikasema, "Sawa, baba."

Sawa, baba! Nimekulea miaka sita, nikakutoa kwa maneno mawili, kwa simu, chaji ikiwa asilimia nne. Nilitaka ikate. Haikukata. Yeye ndiye alikata.

Nimesimama kidogo hapa. Shangazi alipita dirishani kufuata ndoo, nikaifunika barua kwa daftari. Amerudi uani. Anamwambia Mama Devota kwamba Kisarawe atakupa karoti na maziwa, na kwamba takataka ya zambarau haivuki Pugu. "Mtoto mwenyewe anaikimbia kama nyoka, we huoni? Mtoto anajua kinachomdhuru."

Hapo kasema kweli, na ndiyo inayoniuma. Ulikuwa unajua.

Nilivyokuja kujua mimi ni hivi. Wiki tatu zilizopita alikuja mwalimu mmoja wa sekondari karakana na miwani yake mpya mkononi. Akasema, "Fundi, mimi hata soda ya tangawizi inanilevya. Lakini nikivaa hii naona sakafu inapanda."

Fundi Elia akasema, "Basi mwalimu umepata ulevi wa halali, ushukuru." Akaichukua, akaiweka kwenye mashine, akachungulia. Akaigeuza, akachungulia tena. Halafu akasema, kama mtu anayetaja saa, "Hili ni kosa langu. Nimechora bondeni. Nisamehe mwalimu, njoo Jumatatu."

Mwalimu akasema haya, akaenda zake.

Yamekwisha! Fundi akachukua lenzi nyingine akaanza kuipaka dawa huku anapiga mluzi wimbo wa kanisani kwao. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kuoshea. Sakafu inapanda. Maneno yako yale yale, kwenye mdomo wa mtu mzima mwenye tai, na yeye hakuchapwa na mwiko. Alisikilizwa mara moja tu, miwani ikarudi mezani. Nikaenda chooni nikauma kanga mpaka nikahisi ladha ya rangi.

Siku ile ile nikasema. "Fundi, naomba kumsagia lenzi mdogo wangu."

Hata hakunyanyua kichwa. "Na ulikuwa unangoja nini? Si ungesema tangu zamani? Chukua nzuri, usichukue zile za boksi."

Yaani ilikuwa rahisi hivyo. Siwezi kumsamehe mtu aliyeukimbia urahisi ule, na mtu huyo ni mimi mwenyewe. Nikasaga, yeye amesimama nyuma yangu. Tumbo juu. Alipima yeye, nikapima mimi, thelathini, kweli thelathini. Aliuliza ya zamani ilikuwaje, nikasema ilipotea. Uongo mwingine.

Nikakuletea. Lenzi mpya ndani ya fremu ile ile ya zambarau. Ulipoiona ukaingia uvunguni mwa kitanda. Sikukuchapa. Nililala kifudifudi kwenye sementi nikakubembeleza mpaka maharage yakaungua, ukaniambia ukiwa kule gizani, "Nitakuwa mzuri, Mama Zai, usinifunge." Hujaivaa hata dakika moja. Na sikulaumu. Nilikufundisha kwa mwiko kwamba unachokiona wewe si kweli, sasa nikuambie nini? Kwamba safari hii ndiyo kweli?

Nikisema nikupe ushauri, ni huu tu, na sina uhakika kama nina haki ya kuutoa. Ukiona kitu kimelala, sema kimelala. Wakikuambia utazoea, hesabu siku. Wewe una sauti, mimi nimeisikia, Pangani nzima imeisikia ukilia kwa ajili ya karanga. Usikubali mtu akusifie ukimya. Mimi nimesifiwa sana, na tazama ninachokabidhi kesho asubuhi: begi moja la mtoto.

Ukiwa mkubwa ukasoma hapa, utakuwa umeshajua kama jicho lile

Hapana.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, adhana ya alasiri imepita. Nimeona ninachokifanya. Nimefanya tena! Nimekaa hapa saa nzima naungama kwa mtu asiyejua kusoma. Nimechagua msikilizaji mmoja dunia nzima ambaye hawezi kunijibu mpaka miaka minne, mitano ipite, na wakati huo jicho litakuwa limeshaamua lenyewe. Hii nayo ni kufunga mlango kwa ndani. Ningeikunja barua hii nikaiweka chini ya nguo zako, nikalala najisikia nimekuwa mkweli, na kesho ukapanda gari bila miwani.

Maana mambo yenyewe ni haya, hayana kona. Shangazi anaamini miwani ndiyo iliyokuangusha. Nikinyamaza, ataiacha hapa mezani, jicho litakufa, na mimi nitabaki yule dada mpole aliyeonewa, ambaye labda baada ya muhula atarudishiwa mtoto wake. Nikisema, atajua miwani haina kosa, wa kosa ni mimi: niliiba lenzi, niliiharibu, nikakufunga kamba, nikakuchapa. Shangazi Mwajuma akishajua hivyo hatakurudisha. Namjua. Ningekuwa yeye na mimi nisingekurudisha.

Kukupata tena, au jicho lako. Nimejaribu kuvifanya viwe vyote viwili, nimeshindwa.

Anasoma, shangazi. Alimaliza la saba, anasoma huku anafuata kwa kidole, hakiruki kitu. Kusema kwa mdomo sitaweza, nikisimama mbele yake nitaokota wali. Lakini hii imeshaandikwa.

Shangazi, shikamoo.

Umefika hapa kwa ruhusa yangu. Yote ya juu ni kweli, na ukitaka kunisema uani nisemee hayo, si chakula, alikuwa anakula. Lenzi ya kushoto sasa iko sawa, Fundi Elia ameipima. Kama huniamini mimi muulize yeye, kesho Jumapili anatoka kanisani saa nne, nitakwenda na wewe na nitamwambia mbele yako kwamba ya kwanza niliichukua bila kuomba. Kamba nimekata. Usimlazimishe. Mwanzishie kidogo, akiwa anaangalia kitu anachokipenda, picha za magari ndizo anapenda, halafu ongeza mpaka awe anaivaa tangu asubuhi. Muulize anaona nini. Akisema sakafu inapanda, usimwambie atazoea, nipigie siku hiyo hiyo. Nitakuja Kisarawe hata kama hutanikaribisha ndani.

Sikuombi umrudishe. Nataka kuomba, lakini hapa sikuombi hilo.

Saumu mwanangu, umegeuka, umeshusha mguu. Utaamka sasa hivi utake chai.

Kandambili zake hizo, zinatoka uani. Ameshamaliza kuswali. Anakohoa mlangoni kama anavyokohoa kabla hajaingia kwa mtu, anasema, "Zaituni, uko humo? Unaandika nini tangu saa tisa?"

Ingia, shangazi. Karatasi nimezipanga kuanzia ya kwanza, na kiti nimekuachia.